Biolojia ya Vitendo Chuoni: Dalili za Kipindi Kilichokwama na Namna ya Kuzitatua

Wahadhiri wa biolojia wanaoanza kufundisha kwa vitendo, hasa wanaojaribu kuiunganisha na hisabati, fizikia au kemia, hukwama mahali pale pale. Jaribio linakataa mbele ya darasa. Au linakubali, ila hakuna anayeweza kueleza kwa nini limekubali. Grafu inachorwa na mmoja huku watano wakitazama. Kisha lawama zinawaendea wanafunzi kwamba hawajali, au vifaa kwamba vimechakaa. Nimesimamia maabara kwa miaka mingi, na sababu hizo mbili siku hizi ndizo ninazozikagua mwisho. Mara nyingi kosa lilitendeka siku mbili kabla ya kipindi, mezani pa mwalimu.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu zimeanza na ile inayotokea sana, na ukaguzi rahisi umetangulia ule wa kina. Palipoandikwa SIMAMA, acha kazi kweli, usijaribu kwanza.

Dalili: Jaribio limekataa

Swali la kwanza, kabla hujagusa chochote: je, wewe au mtaalamu wa maabara mmelifanya jaribio hili wiki hii, kwa majani haya haya na chupa hii hii ya kemikali? Kulifanya mwaka jana hakuhesabiki. Majani hubadilika kwa msimu, na hidrojeni peroksaidi huvunjika ndani ya chupa yake, hasa ikikaa kwenye mwanga, ikabaki karibu maji matupu.

Swali la pili: wameshindwa wangapi? Kundi moja likishindwa, tafuta kosa kwenye meza ya kundi hilo. Makundi yote yakishindwa kwa namna moja, tafuta kile wanachokitumia kwa pamoja, yaani myeyusho, taa, au karatasi ya maelekezo. Ukaguzi huu ni wa dakika moja na huokoa saa nzima ya kubahatisha.

Nitatumia mfano wa vipande vya majani vinavyoelea, jaribio la usanisinuru ninalolipenda kuliko mengine kwa kuwa halihitaji mashine yoyote. Vipande vidogo vya mviringo vya jani la spinachi huwekwa kwenye sirinji yenye maji yaliyotiwa sodiamu bikaboneti ya asilimia 0.2, yaani gramu 2 kwa lita. Hewa iliyomo ndani ya jani huvutwa nje na vipande huzama. Vikimulikwa, hutengeneza oksijeni na kupanda juu kimoja kimoja.

*Vipande havizami.* Kwanza, mvuto ulikuwa mdogo. Ziba mdomo wa sirinji kwa kidole, vuta pistoni, shikilia sekunde kumi, achia, gongagonga. Rudia mara mbili au tatu. Pili, tone la sabuni ya maji limesahauliwa; uso wa jani una nta inayokataa maji, na sabuni ndiyo inayoyapitisha. Tatu, vipande vimekatwa juu ya mshipa mkubwa wa jani.

*Vimezama lakini havipandi.* Mara nyingi taa iko mbali au ni dhaifu. Kwa taa ndogo, umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaofika hupungua hadi robo, na hapo fizikia imejileta yenyewe bila kuitwa. Baada ya taa, kagua kama bikaboneti ilitiwa kweli. Kisha tazama jani lenyewe, huenda limenyauka. Ikiwa taa ni ya kutoa joto, weka chombo cha maji safi kati yake na vipande, la sivyo utakuwa unapima mwanga na joto kwa mpigo.

Kila meza iwe pia na chombo cha kulinganishia: vipande vile vile, taa ile ile, maji yasiyo na bikaboneti. Bila hicho, hata jaribio lililofanikiwa halithibitishi kitu.

*Vipande vya viazi kwenye sukrosi (maji ya sukari) vinatoa grafu ya kupanda na kushuka ovyo.* Karibu kila mara ni ukaushaji. Mmoja anakigusisha kipande kwenye karatasi, mwingine anakiminya, na tofauti ya maji ya juu inaifunika tofauti iliyoletwa na osmosisi. Wakubaliane kugeuza mara ngapi na kwa sekunde ngapi. Kagua pia kama maganda yalitolewa yote, kama vipande vyote vimetoka kiazi kimoja, na kama wamekokotoa asilimia ya badiliko la uzito badala ya gramu tupu.

*DNA haitembei kwenye jeli inaposukumwa kwa umeme.* Tazama nyaya za umeme ndani ya tangi. Kama hakuna viputo vinavyopanda, umeme haupiti. Waya umelegea, bafa (myeyusho wa chumvi unaopitisha umeme) haijaifunika jeli, au mtu alitengeneza jeli kwa maji badala ya bafa. Kama DNA imetoka nje upande wa nyuma, ncha zimebadilishwa. DNA ina chaji hasi, hivyo huelekea ncha chanya, ile nyekundu. Jeli ikiyeyuka au mistari ikipinda kama mwezi mwandamo, volti ni kubwa mno.

SIMAMA: Mkono usiingie kwenye tangi umeme ukiwa umewashwa, hata kwa sekunde moja. Ukiona kifuniko kimepasuka, waya uko wazi, au kifaa kinanusa kuungua, zima kwenye soketi, funga kipindi na umwite fundi umeme. Hakuna kufunga kwa utepe ili mmalizie.

Dalili: Hadubini inaonyesha giza, au wanafunzi wanachora mapovu

Duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene ni povu la hewa. Litachorwa na kuitwa kiini cha seli mpaka mtu aseme. Mfundishe mwanafunzi kulaza kioo cha kufunikia kwa mshazari, upande mmoja ugusane na tone kwanza, kisha ashushe taratibu.

Giza: kagua kama lenzi imekaa hadi ikabofya, kisha kiwambo cha mwanga, kisha taa. Ukungu usiotoka huwa ni alama ya kidole kwenye lenzi, au mafuta ya lenzi ya mara 100 yaliyopakwa kwenye ile ya mara 40. Mwanafunzi aliyeanza na lenzi kubwa hatapata kitu, kwa hiyo arudi mara 4, akipate kitu, akiweke katikati, ndipo apande. Ngozi ya kitunguu iwe ya tabaka moja. Usifungue lenzi kwa bisibisi. Lenzi iliyoota kuvu ndani ni kazi ya fundi wa hadubini.

Dalili: Matokeo ni mazuri, maelezo hakuna

Hii ndiyo dalili inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu kipindi kinaonekana kimefana. Meza safi, jedwali limejaa, ripoti imekuja kwa wakati. Muulize mwanafunzi kwa nini aliweka chombo cha pili kisicho na kimeng'enya, atakujibu, "Karatasi ilisema."

Sababu ya kwanza ni karatasi yenyewe. Inajibu kila kitu: kiasi gani, dakika ngapi, jedwali la safu ngapi, mpaka rangi itakayotokea. Kichwa hakina kazi iliyobaki. Ukaguzi rahisi: soma maelekezo yako na uhesabu ni maamuzi mangapi mwanafunzi anatakiwa kuyafanya mwenyewe. Ukipata sifuri, umeiona sababu. Tiba ya siku hiyo hiyo ni utabiri. Kabla mtu hajagusa kifaa, aandike kwa wino anachotarajia na kwa nini. Utabiri uliokosea haupunguziwi alama wala haufutwi. Unabaki pale ili ulinganishwe.

Nguvu yake inaonekana vizuri kwenye michemraba ya agari. Ikateni agari (jeli ya mwani) iliyotiwa kiashiria, yaani kemikali inayobadili rangi ikikutana na asidi, kwa pande za sentimita 1, 2 na 3, muitumbukize kwenye asidi hafifu, kisha muipasue katikati. Uwiano wa eneo la nje kwa ujazo ni 6, 3 na 2. Waulize kabla ya kupasua: asidi imeingia kina gani katika kila mchemraba? Darasani kwangu walio wengi huandika kwamba imeingia zaidi kwenye mdogo. Wakipasua wanakuta kina ni kile kile, au karibu sawa. Hapo ukimya unaingia, na huo ukimya nausubiri kila muhula. Sasa wakokotoe. Tuseme asidi imeingia nusu sentimita kila upande. Mchemraba wa sentimita 1 umefikiwa wote. Wa sentimita 2 umebaki na kiini cha sentimita 1, yaani moja ya nane haijafikiwa. Wa sentimita 3 umebaki na 8 kati ya 27, karibu asilimia 30. Mwendo wa asidi haukubadilika, ila umbali wa kufika katikati umeongezeka. Mwanafunzi aliyeandika utabiri mbovu hatasahau kwa nini seli ni ndogo. Yule aliyeambiwa mapema atakariri uwiano tu.

Sababu ya pili: nadharia na maabara vimeachana kwa wiki tatu. Angalia ratiba, sogeza kimoja.

Sababu ya tatu ni ya ndani zaidi: jibu lilijulikana kabla ya swali. Nani aumize kichwa kutafuta kilichokwisha kuandikwa kwenye kitabu? Tiba ni kuligawa jaribio wiki mbili. Wiki ya kwanza kila mmoja anafanya lile lile kwa katalesi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi, pamoja na kimeng'enya kilichochemshwa kwa kulinganisha, mpaka mikono izoee. Wiki ya pili kila kundi linachagua swali lake: joto, asidi, ukolezo, au kitu ambacho hukukifikiria. Usianzie wiki ya pili. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza uhuru kamili siku ya kwanza. Saa tatu ziliisha wakiwa bado wanatafuta namna ya kupima povu, na kosa lilikuwa langu. Stadi hutangulia uhuru, ingawa kwa wiki moja tu.

Dalili: Hisabati ikitokea, nusu ya darasa inapotea

Anza kwa kutenganisha mambo mawili yanayofanana usoni. Toa hesabu ile ile bila biolojia, kwenye kipande cha karatasi, dakika tano. Wakiiweza, tatizo ni kiungo kati ya masomo. Wakishindwa, tatizo ni hesabu yenyewe, na mafumbo ya biolojia hayatalitibu. Wanaoshindwa asilimia na vipeo wanahitaji vipindi vya ziada vya hesabu, na mwenzako wa idara ya hisabati atavifundisha vizuri kuliko wewe.

Kiungo kikiwa ndicho kibovu, mara nyingi hisabati imefika kabla ya haja. Fomula iliwekwa ubaoni, kisha data ikatafutwa ya kuilisha. Geuza. Bakteria wa E. koli katika mazingira bora huweza kugawanyika kila dakika 20. Waambie wachore, kuanzia seli moja, saa 10 za kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Saa 5 ni seli 32,768; saa 10 ni zaidi ya bilioni moja. Nusu nzima ya kwanza ya grafu inalala sakafuni, haionekani. Mtu atauliza kama hakuna karatasi nyingine. Ndipo umpe ya logi, ambayo kila hatua ya juu ni kuzidisha badala ya kujumlisha, na mstari unyooke mbele ya macho yake. (Wakumbushe pia kwamba kwenye chupa halisi mstari huo haudumu: chakula huisha na uchafu hujaa.)

Vivyo hivyo kwa takwimu. Mendel, mwanzilishi wa jenetiki aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, alihesabu mbegu za njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Je, hiyo ni tatu kwa moja? Waache wabishane. Wengine watasema ndiyo, wengine watasema tatu kwa moja kamili ingekuwa 5,493 na 1,831. Wote wana haki, na ubishi huo hauna mwamuzi mpaka mtu alete kipimo cha tofauti inayovumilika. Kipimo hicho ni kai mraba, na hapa ni karibu 0.26, ilhali mpaka wa kukataa kwa kiwango cha asilimia 5 ni 3.84. Mendel mwenyewe alikuwa amesoma fizikia Vienna, mwanafizikia Doppler akiwa mmoja wa walimu wake. Na mwaka 1908 swali la iwapo sifa tawala (inayoonekana hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu) itaenea yenyewe katika jamii ya viumbe lilimfikia mwanahisabati Hardy kupitia kwa Punnett, mwanajenetiki; Weinberg, daktari wa Ujerumani, alifikia jibu lile lile mwaka huo huo. Masomo haya hayakukutanishwa na ratiba ya chuo, yalikutana kwa sababu swali lilihitaji yote mawili.

Sababu nyingine ni lugha. Kemia wamezoea mola, biolojia inadai asilimia, na hakuna aliyewaambia kwamba ni njia mbili za kueleza ukolezo ule ule. Tengenezeni ukurasa mmoja wa istilahi na vizio kwa idara zote.

Sababu ya mwisho ni somo la pili kubandikwa kwa urembo. Lipime hivi: liondoe. Hitimisho likibaki lile lile, lilikuwa pambo. Liache nje bila majuto.

Wahadhiri wawili wanaofundisha pamoja na kupingana mbele ya darasa wanahitaji jambo moja tu: wafanye jaribio pamoja, wao wenyewe, kabla ya wanafunzi.

Dalili: Mmoja anafanya, wengine wanatazama

Simama pembeni dakika mbili uhesabu mikono inayogusa kitu. Sababu ya kwanza ni ukubwa wa kundi. Kwangu watatu ni bora, watano ni wengi. Ya pili ni kazi zisizogawanywa. Zungusha majukumu kila baada ya hatua, na atakayeeleza matokeo achaguliwe na wewe mwishoni, si na kundi.

Sababu inayosahaulika: mwanafunzi haoni. Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata zaidi wanaume, na wengi huwa hawajawahi kuambiwa. Kijana anayemwachia mwenzake kila jaribio la kiashiria huenda si mvivu. Tafuta kiashiria cha rangi nyingine au kipime kwa chombo. Usimtangaze mbele ya wenzake, wala usimpime wewe. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho.

Dalili: "Mwalimu hafundishi, tunajifundisha wenyewe"

Usikimbilie kurudi kwenye mihadhara. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwalinganisha wanafunzi wa fizikia ya utangulizi. Waliojifunza kwa kushiriki walipata alama za juu zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini walihisi wamejifunza kidogo. Jasho la kufikiri walilichukua kuwa dalili ya kutoelewa. Basi waeleze hivyo mapema, wiki ya kwanza, na uwape jaribio fupi linalowaonyesha wenyewe walipopanda.

Kisha jichunguze. Kama kipindi kinaisha bila dakika kumi za kukusanya kilichopatikana, malalamiko yao ni ya haki. Funga kila kipindi ubaoni, kwa data zao.

Dalili: Maabara imechangamka, mtihani umeanguka

Linganisha karatasi ya mtihani na kazi za maabara. Mara nyingi mtihani bado unadai tarehe na majina wakati kipindi kilifundisha kutafsiri grafu. Weka angalau swali moja lenye data wasizowahi kuziona. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliounganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ulikuta wanaofundishwa kwa mihadhara mitupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wanaojifunza kwa kushiriki. Kwako ikiwa kinyume, shuku kipimo kwanza. Kipimo kikiwa sawa, punguza idadi ya majaribio. Manane yaliyoeleweka yanatosha, na muda unaobaki utumike kurudia yaliyokosewa.

Dalili: Kitu kisichotarajiwa kimeota kwenye sahani, au kimeonekana kwenye mwili wa mwanafunzi

Hapa ukaguzi wa kujaribujaribu haupo.

Sahani za bakteria zikiota ukungu, kwa kawaida zilikaa wazi mno wakati wa kumimina au mkono ulipita juu yake. Usizifungue ili kutazama vizuri. Tazama kupitia kifuniko. Darasani otesha kwa takriban 25°C badala ya 37°C, kwa kuwa joto la mwili hupendelea vimelea vya mwili. Usikusanye sampuli za koo, pua wala vidonda. Takataka zake ziuliwe kwa mvuke wa mgandamizo wa 121°C, kwa muda unaotosha joto kufika katikati ya mzigo. Dawa ya klorini isiingie kamwe kwenye mashine ya mvuke huo, wala isichanganywe na asidi au amonia.

SIMAMA: Sahani ikivunjika, myeyusho ukirukia jicho, au ethanoli ikishika moto, kipindi kimekwisha. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 huku mwingine akimwita afisa usalama na mhudumu wa afya.

Ukipima wanafunzi wenyewe, iwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu, makundi ya damu au DNA ya shavu, kila mmoja awe na haki ya kukataa bila kupoteza alama, na kuwe na data mbadala tayari. Mwanafunzi akisoma shinikizo kubwa lisiloshuka baada ya kupumzika, usimpe jina la ugonjwa. Mpeleke zahanati ya chuo siku hiyo, kimya kimya. Mazoezi ya makundi ya damu yana hatari nyingine: mwanafunzi anaweza kugundua pale mezani kwamba kundi lake halilingani na la wazazi wake. Kabla ya zoezi lolote la namna hiyo, ipelekee kamati ya maadili ya utafiti ya chuo mpango wako kwa maandishi, na mpaka ijibu, tumia damu bandia ya maabara.